ALIYESHIKA UFUNGUO WA MLANGO WA MFALME

Ndugu msomaji, kila penye mtawala pana mlango, na kila penye mlango pana mtu aliyeshika ufunguo. Sisi wananchi tumezoea kumtazama aliyeketi kitini. Picha yake tunaiona ukutani, jina lake tunalisikia redioni asubuhi na jioni, na tukikasirika ndiye tunayemlaani. Lakini yule wa mlangoni, anayeamua nani aingie na nani ageuzwe, barua ipi isomwe na ipi itupwe kapuni, huyo hatumjui mpaka siku mambo yameshaharibika.

Leo nakusimulia habari za mtu mmoja wa mlangoni. Usihofu, sina nia ya kumpaka matope kigogo yeyote wa hapa. Mtu wangu ni Mwingereza, aliuawa mwaka 1326, na kwa hiyo hawezi kunipeleka mahakamani.

Jina lake ni Hugh Despenser. Wenzake walimwita Hugh Mdogo kwa sababu baba yake naye aliitwa Hugh Despenser. Alikuwa mshauri wa Mfalme Edward wa Pili, na kwa muda usiozidi miaka minane alipanda kutoka mtu wa kawaida miongoni mwa wakubwa hadi mtu tajiri kuliko karibu makabaila wote wa Uingereza. Kisha akaanguka katika wiki chache.

Utaniuliza, ya Wazungu wa kale yanatuhusu nini sisi tunaogombania daladala? Yanatuhusu. Bunge letu, mahakama zetu na yale majoho meusi ya mawakili vilikuja na Mwingereza. Ukirithi nyumba ya mtu ni vizuri ujue nani alinyongwa ndani yake, na kwa kosa gani.

ALIVYOINGIA

Hugh Mdogo hakuzaliwa mnyonge. Baba yake alikuwa mtu wa karibu wa wafalme. Lakini mali ilikuwa ya baba, na baba alikuwa hai na mwenye afya, kwa hiyo kijana alikuwa na jina kubwa na mfuko mtupu. Mwaka 1306 akapata bahati ya kwanza: akaozwa Eleanor de Clare, binti wa dada yake Edward. Mwaka uliofuata Edward akawa mfalme, na Hugh akajikuta ameoa mpwa wa mfalme.

Bahati ya pili ililetwa na msiba. Tarehe 24 Juni 1314 jeshi la Uingereza lilipigwa vibaya na Waskoti huko Bannockburn. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Gilbert de Clare, kaka yake Eleanor, kijana mwenye mojawapo ya mirathi mikubwa kabisa nchini. Gilbert hakuacha mtoto. Mwaka 1317 ardhi yake ikagawanywa kwa dada zake watatu, na Hugh, kwa jina la mkewe, akapata Glamorgan kule kusini mwa Wales, pamoja na Cardiff na ngome kubwa ya Caerphilly.

Mtu mwingine angesema alhamdulillahi akatulia. Hugh hakutulia. Alianza kuwatazama waume wa wale dada wawili waliobaki kama paka anavyotazama sahani ya jirani. Mmoja wao, Hugh Audley, alikuwa amepewa eneo la Newport, jirani kabisa na Glamorgan. Despenser akambana mpaka akalazimika kuliachia na kupokea badala yake mashamba yenye thamani ndogo.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo penye fundisho la kwanza. Mwaka 1318 Hugh aliteuliwa kuwa msimamizi wa chumba cha mfalme. Cheo chenyewe ukikisikia unaweza kudhani ni kutandika kitanda. La hasha. Mwenye kazi hiyo ndiye aliyesimama kati ya mfalme na nchi nzima. Na nani walimkubalia kazi hiyo? Makabaila wenyewe, Bungeni! Waandishi wa enzi hizo wanasema hata mfalme mwanzoni hakumpenda. Wakubwa walidhani wamepata mtu wao ndani ya nyumba. Baada ya muda mfupi mtu wao akawa mtu wa mfalme, na mfalme akawa mtu wake.

Walikuwa na sababu ya kumtaka mtu wao ndani. Kabla ya hapo Edward alikuwa na kipenzi mwingine, Piers Gaveston, aliyewatukana wakubwa na kuwapa majina ya kejeli. Makabaila wakamkamata na kumuua mwaka 1312 karibu na mji wa Warwick bila kesi ya maana. Wakadhani wamemaliza tatizo. Wamemuondoa mtu, mlango wakauacha vilevile, na ufunguo wakamkabidhi mwingine kwa mikono yao.

MLANGO UKAGEUKA DUKA

Ikafika mahali hakuna mkubwa wala mdogo aliyeweza kusema na mfalme peke yake. Hili si uzushi wangu. Ni mojawapo ya mashitaka yaliyosomwa Bungeni mwaka 1321: kwamba Hugh na baba yake hawakuruhusu watu wakuu wa nchi wamsogelee mfalme wala kusema naye, ila wao wenyewe wawepo wakisikiliza.

Fikiria hali hiyo, ndugu yangu. Umeporwa shamba na Hugh. Sheria inasema ukalalamike kwa mfalme. Unafunga safari siku nyingi kwa farasi, unafika, unaulizwa shida yako. Anayekuuliza ni Hugh. Unamshitaki nani kwa nani? Kesi ya nyani hakimu akiwa ngedere, sisi tunaijua hukumu yake tangu utotoni.

Mwaka 1320 ikatokea kesi ya Gower, eneo jingine la Wales. Mwenyewe, William de Braose, alikuwa akiliuza kwa mnunuzi huyu na yule. Mkwe wake, John Mowbray, akalichukua akisema ni haki yake. Despenser alikuwa analitaka. Basi akamshauri mfalme alikamate, eti Mowbray hakuomba kibali cha mfalme. Makabaila wa mpakani mwa Wales wakang'aka, kwa sababu desturi ya huko tangu mababu ilikuwa kwamba kibali hakihitajiki. Wakaona wazi kuwa leo ni Gower, kesho ni kwao.

Mwezi Mei 1321 wakainuka na majeshi yao. Ndani ya siku chache walikuwa wameteka Newport, Cardiff na Caerphilly, wakachoma na kupora kila kilichokuwa cha Despenser. Kisha wakaelekea London. Mfalme akabanwa, na mwezi Agosti baba na mwana wakafukuzwa nchini.

Na huko uhamishoni Hugh Mdogo alifanya nini? Akawa haramia! Mshauri wa mfalme aliingia baharini kati ya Uingereza na Ufaransa, akawa anavizia meli za wafanyabiashara. Alipora meli kubwa ya watu wa Genoa, na madai ya wenye mali yaliendelea kuisumbua serikali ya Uingereza hata baada ya yeye kufa. Kwake bahari ilikuwa mlango mwingine tu wa kutoza watu.

ARDHI YA WAJANE

Waliomfukuza hawakukaa pamoja. Kila mmoja alikuwa na lake. Mfalme akawapiga mmoja mmoja. Januari 1322 Roger Mortimer na mjomba wake wakasalimu amri na kutupwa katika gereza la Tower, London. Tarehe 16 Machi jeshi la Thomas wa Lancaster, kabaila mkuwa kuliko wote na binamu wa mfalme, likashindwa huko Boroughbridge. Siku sita baadaye Thomas akakatwa kichwa nje ya ngome yake mwenyewe. Alihukumiwa bila kuruhusiwa kujibu neno.

Hugh akarudi kwa shangwe. Mwezi Mei 1322 Bunge lililokutana York likafuta hukumu ya kumfukuza, na baba yake akatunukiwa ukuu wa Winchester. Kuanzia hapo hapakuwa na wa kumzuia.

Waume wengi walikuwa wameuawa, wamefungwa au wamekimbia. Walibaki wake zao. Na hapo ndipo Hugh alipoonyesha alivyo.

Elizabeth de Burgh alikuwa ndugu wa tumbo moja na mke wa Hugh, yaani shemeji yake kabisa, tena mpwa wa mfalme. Mumewe alikufa mwaka huohuo wa 1322 akiwa upande wa walioshindwa. Hugh alitaka eneo lake la Usk. Mama huyu akawekwa kizuizini, akatenganishwa na washauri wake, akalazimishwa kutia muhuri hati ya kubadilishana: atoe Usk, apewe Gower yenye thamani ndogo. Ajabu ni kwamba baadaye hata hiyo Gower ikachukuliwa kwa njia ya mahakama, ikazunguka, ikaishia mikononi mwa Despenser. Mwaka 1326 Elizabeth aliandika kwa siri malalamiko yake yote, akayahifadhi akingoja siku. Mjane mwenye damu ya kifalme analazimika kuandika kwa kujificha! Je, mkulima wa kawaida alikuwa na pa kusemea?

Alice de Lacy, mke wa Thomas wa Lancaster, naye alikamatwa akatishwa mpaka akaachia sehemu kubwa ya urithi wa baba yake. Elizabeth Comyn, aliyerithi sehemu ya mali ya kabaila wa Pembroke aliyefariki mwaka 1324, alishikiliwa zaidi ya mwaka mzima hadi alipokubali kuwaandikia akina Despenser ardhi ya Painswick na ngome ya Goodrich. Alipotia saini, akaachiwa.

Angalia ujanja wenyewe, kijana mwenzangu, maana ni ujanja usiozeeka. Hugh hakwenda na panga. Alikwenda na karatasi. Kila alichopora kilikuwa na hati, muhuri na mashahidi. Mtu wa mitaani akiiba kuku huitwa mwizi kabla hajafika kona. Mtu wa mlangoni akichukua wilaya nzima, hiyo huitwa makubaliano.

Fedha nazo hakuziacha. Aliweka maelfu ya pauni kwa mabenki ya Wataliano waliokuwa London, akina Bardi na Peruzzi. Na katika barua aliyomwandikia ofisa wake wa Glamorgan mwaka 1321 alieleza bila aibu kwamba mambo yaendeshwe hivyo ili yeye awe tajiri na atimize malengo yake. Ndivyo ilivyoandikwa. Wengine huandika "kwa maslahi ya taifa." Hugh angalau hakujisumbua kuongopa.

Chuki ilipozidi, watu wakatafuta njia nyingine. Katika mji wa Coventry wenyeji zaidi ya 20 walishitakiwa kwamba walimlipa mganga aitwaye John wa Nottingham awatengenezee sanamu za nta za mfalme, za Despenser wote wawili na za wengine, ili wauawe kwa uchawi. Wenyeji hao waliachiwa huru mwishowe. Lakini Hugh aliogopa kweli. Akamwandikia Papa John wa Ishirini na Mbili akilalamika kwamba anatishwa kwa uchawi. Mwaka 1324 Papa akamjibu kwa ufupi: amgeukie Mungu kwa moyo wake wote na aungame dhambi zake. Hakumtumia hirizi. Papa naye alishasikia habari zake.

HAZINA IMEJAA, WATU HAKUNA

Mwisho wa mdhalimu mara nyingi huanzia kwa mtu anayedharauliwa. Malkia Isabella, dada wa mfalme wa Ufaransa, alikuwa amechoka. Ulipozuka ugomvi na Ufaransa, Septemba 1324 ardhi yake ikakamatwa na watumishi wake Wafaransa wakatiwa mbaroni. Machi 1325 akatumwa kwa kaka yake kusuluhisha. Mfalme alitakiwa amfuate akatoe heshima kwa ajili ya ardhi yake ya Ufaransa, lakini akina Despenser wakaogopa kubaki peke yao nchini bila mgongo wa mfalme. Basi akatumwa mwana wa mfalme, mtoto wa miaka 12, naye aliitwa Edward.

Likawa kosa kubwa. Malkia akawa na mrithi wa kiti mkononi. Akasema harudi, kwani kuna mtu aliyeingia kati yake na mumewe, na mpaka huyo aondoke yeye atavaa nguo za msiba. Huko Ufaransa akaungana na Roger Mortimer, yule wa gereza la Tower, ambaye alikuwa ametoroka tarehe 1 Agosti 1323.

Tarehe 24 Septemba 1326 wakatua pwani ya Suffolk na jeshi dogo tu. Mfalme alikuwa na nchi nzima. Hazina yake wakati huo ilikuwa na takriban pauni 60,000, fedha ambazo mfalme wa nyuma yake, aliyekufa na madeni, asingeziota. Akatoa amri watu wajiandikishe kwa maelfu. Akatoa ahadi ya zawadi kwa atakayeleta kichwa cha Mortimer. Hakuna aliyekuja.

Hapo naomba utulie kidogo. Hazina imejaa, ngome zina kuta nene, sheria ziko upande wao, na bado hapakuwa na mtu wa kuwapigania. Fedha hununua askari wa kulinda mlango. Hainunui mtu wa kufa mlangoni kwa ajili yako.

London ikalipuka. Tarehe 15 Oktoba umati ukamkamata Askofu Walter Stapledon wa Exeter, aliyekuwa mtunza hazina wa mfalme, ukamkata kichwa katika mtaa wa Cheapside. Tarehe 27 Oktoba Hugh Mkubwa, mzee wa zaidi ya miaka 60, akanyongwa Bristol. Mwanawe na mfalme walijaribu kukimbia kwa jahazi kutoka Chepstow, upepo ukawarudisha pwani ya Wales. Wakahangaika kutoka ngome hadi ngome. Tarehe 16 Novemba wakakamatwa karibu na Llantrisant wakiwa na watu wachache mno. Wakamatwa katika nchi ya Glamorgan, ardhi ya Hugh mwenyewe, na hakuna mpangaji wake aliyewaficha. Wala si ajabu. Mwaka 1318 alikuwa amemuua kikatili pale Cardiff kiongozi wa Waweli, Llywelyn Bren, aliyekuwa amejisalimisha mwenyewe miaka miwili kabla. Wenyeji hawakusahau.

Tarehe 24 Novemba 1326 Hugh akafikishwa mbele ya mahakama mjini Hereford, kichwani amevishwa taji la majani yanayowasha. Mashitaka yakasomwa, marefu, ya kweli na ya uongo yakiwa yamechanganywa. Hakuruhusiwa kujibu. Akaburutwa na farasi wanne hadi kwenye mti wa kunyongea wenye urefu wa futi 50. Kichwa chake kikapelekwa London na kutundikwa darajani, na mwili ukakatwa vipande vinne vikatumwa miji minne. Umati ulishangilia.

WALIOPOKEA UFUNGUO

Gazeti hili ni la upinzani na mimi naandika kwa watu wa upinzani, kwa hiyo najua wengi mngependa niishie hapo. Fisadi kanyongwa, wananchi wameshangilia, tuonane wiki ijayo. Siishii hapo, kwa sababu hapo ndipo Waingereza walipodanganyika.

Januari 1327 Edward wa Pili aliondolewa kitini na mwanawe wa miaka 14 akatawazwa. Mtoto hatawali. Waliotawala ni Isabella na Mortimer. Hawa ndio waliokuja kuikomboa nchi kutoka kwa walafi. Malkia akajiongezea mapato ya ardhi hadi karibu pauni 13,000 kwa mwaka, wakati zamani yalikuwa kama 4,500. Mortimer akajipatia ardhi za akina Despenser na za wengineo, na mwaka 1328 akajibunia cheo kipya, mkuu wa March, ambacho hakikuwahi kuwapo. Machi 1330 wakamkata kichwa Edmund wa Kent, ndugu wa mfalme aliyeondolewa, kwa njama ambayo wao wenyewe walimchokoza aingie.

Na zile pauni 60,000 za hazina? Desemba mosi 1330 zilipohesabiwa zilikutwa pauni 41 na shilingi chache. Miaka minne tu! Hugh alikula, lakini alikuwa anaweka akiba. Wakombozi walikomba sufuria na kulamba mwiko.

Na mlango je? Ulikuwa bado umefungwa, ila sasa kitasa kilishikwa na Mortimer. Mfalme kijana hakuweza kumwona mtu bila Mortimer kujua. Ikabidi ajikomboe mwenyewe. Usiku wa tarehe 19 Oktoba 1330, Edward wa Tatu na vijana wenzake wachache walipenya ngome ya Nottingham kwa njia ya chini ya ardhi, wakamkamata. Mortimer akanyongwa Tyburn tarehe 29 Novemba. Naye alihukumiwa bila kusikilizwa.

Sasa hesabu pamoja nami. Gaveston 1312, hakusikilizwa. Lancaster 1322, hakusikilizwa. Despenser 1326, hakusikilizwa. Mortimer 1330, hakusikilizwa. Kila upande uliposhika mpini uliwafanyia wenzake kile ulicholalamikia kufanyiwa. Kila mara umati ulishangilia, na kila mara aliyefuata alikuta mlango uleule na ufunguo uleule.

Mpaka wakachoka. Mwaka 1354 Bunge la Uingereza likaifuta hukumu ya Mortimer, si kwa kuwa alikuwa mwema, bali kwa kuwa hakupewa nafasi ya kujibu. Na mwaka huohuo wakapitisha sheria kwamba mtu yeyote, awe wa hali gani, asiondolewe katika ardhi yake, asikamatwe, asifungwe wala asiuawe mpaka aletwe ajibu kwa utaratibu wa sheria. Damu ya miaka zaidi ya 40 ndiyo iliyowafundisha sentensi moja.

Sentensi hiyo ilisafiri. Ilikuja na mahakama za Mwingereza, ingawa yeye mwenyewe akiwa mtawala wetu hakuiheshimu kwa Mwafrika. Leo imo katika Katiba yetu ya Tanzania, Ibara ya 13, inayompa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Kaitafute uisome.

TUDAI NINI

Ndugu msomaji, nina mambo matatu ya kukuachia, na kama hatutaelewana tuandikiane.

Kwanza, usipoteze nguvu zako zote kwa kumchukia mtu mmoja. Hugh Despenser alikuwa mwizi, hilo halina ubishi. Lakini hakuujenga mlango ule, aliukuta. Maadamu mamlaka ya nchi yamerundikwa katika chumba kimoja, atapatikana mtu wa kusimama mlangoni na kutoza kiingilio. Anaweza kuwa mbaya, anaweza kuwa mzuri kwa miezi sita. Dai mlango ufunguliwe: mikataba isomwe hadharani, ardhi isigawiwe gizani, na mwenye malalamiko asilazimike kuyapitisha kwa anayemlalamikia.

Pili, tunapowachagua wa kwetu tusiwape hundi tupu. Wale makabaila wa 1318 walidhani Hugh ni mwenzao. Wale wananchi wa London wa 1326 walidhani Mortimer ni mkombozi. Kuwa mpinzani wa mwizi si ushahidi kwamba wewe si mwizi. Inaweza kuwa zamu yako haijafika. Kiongozi wa chama chetu anayekataa kuulizwa hesabu za ofisi yenye viti sita leo, tukimpa wizara kesho atakubali kuulizwa na nani? Tumuulize sasa hivi, angali anatuhitaji. Akinuna, tumeshapata jibu.

Tatu, na hili ni gumu zaidi kwetu vijana wa mijini. Kelele za "mwizi! mwizi!" tunazijua. Tunajua tairi na mafuta ya taa vinavyopatikana haraka kuliko askari. Tunajua pia kwamba mtu huchomwa kwa simu ya Sh 20,000 huku aliyechota mamilioni akipita na gari akipunga mkono. Ukimchoma mtu kabla hajajibu, umemfundisha mtawala kwamba nawe siku yako ikifika unaweza kuchomwa kabla hujajibu. Na yeye ana mafuta mengi kuliko wewe. Haki ya kusikilizwa haikutungwa kwa ajili ya watu wema tu. Ilitungwa kwa sababu hakuna ajuaye kesho nani ataitwa mwizi, na mara nyingi anayeitwa ni mnyonge, ni mpinzani, ni wewe.

Vigogo waliochota tuwapeleke mahakamani mchana kweupe, wasomewe mashitaka, wapewe wakili, wajibu, na wakishindwa warudishe shamba, nyumba na akaunti hadi senti ya mwisho. Elizabeth de Burgh alihitaji Usk yake irudi, na ilirudi. Kichwa cha shemeji yake juu ya daraja hakikumwongezea hata jiwe moja.

Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga. Sikatai. Ila tunapomngoja chini tusimngoje na mawe peke yake. Tumngoje na daftari la hesabu, na tuhakikishe kwamba ufunguo alioudondosha haujaokotwa kimyakimya na jamaa aliyesimama pembeni yetu akipiga makofi kwa sauti kuliko wote.